Malale Niliyotoka Nayo Mbioni

Naandika haya nikiwa mzima, nimekaa barazani kwangu, na maneno yanakuja yenyewe. Namwandikia mtu ambaye nyumbani kwake leo kuna mama, au mume, au kaka, aliyebadilika ghafla. Analala mchana kama mlevi, usiku anazunguka ua, anatukana watu aliokuwa akiwaheshimu, anarusha mkono bila sababu. Ndugu wameanza kunong'ona na majirani wanampisha njiani. Mimi nilikuwa mtu huyo, na nusura niuawe kabla haijajulikana kwamba naumwa malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o.

Naitwa Perpetua, lakini tangu nilipojifungua pacha watu huniita Mama Kulwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya barabara itokayo Ushirombo kwenda Geita. Mume wangu, Masanja, alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la pamba. Binti yetu Kulwa alikuwa ameolewa Didia, na pacha wake, Doto, alikuwa bado Uganda na jeshi. Ulikuwa mwaka ule ambao vijana walikwenda vitani na wengi hawakuwa wamerudi. Sabuni tuliisikia tu kwa jina.

Upande wa Geita, karibu na machimbo ya zamani ya dhahabu yaliyokwisha kufungwa, bwana mmoja mpima madini alikuwa na kambi. Yeye ndiye aliyeanzisha mbio za ramani kwa ajili ya walimu na wafanyakazi wa huku kwetu. Katika mbio hizo hakuna njia. Unapewa ramani na dira, vituo vimeonyeshwa kwenye karatasi, na wewe mwenyewe unavitafuta porini. Kila kituo kilikuwa kopo lililopakwa rangi nyekundu, limening'inizwa mtini, ndani yake kalamu ya rangi. Unachora alama kwenye kadi yako, unakimbilia kingine. Anayemaliza wa kwanza akiwa na alama zote ndiye mshindi.

Shule yetu ilitakiwa kupeleka walimu watatu. Wawili walikuwa vijana. Wa tatu alikuwa vitani. Mwalimu mkuu akasema kwa utani kwamba labda Mama Kulwa aende. Nikasema nitakwenda. Nilikuwa nimevuka hamsini, nina wajukuu wawili, lakini nilikuwa nafundisha jiografia na miguu yangu ilikuwa haijanidai kitu. Nilipokuwa msichana shule ya misheni nilikuwa nawashinda wavulana. Masanja alichukua raba zangu, akazishonea soli ya kipande cha tairi, akaniwekea mlangoni.

Nilidhani ni mchezo wa walimu. Ulikuwa ugomvi. Kipenga kilipolia, wanaume waliingia porini wakisukumana kwa viwiko, na tawi aliloliachia mmoja wao lilinichapa usoni likanipasua nyusi. Nilikimbia kituo cha kwanza na cha pili jicho moja limejaa damu. Kwenye majabali ya kituo cha tatu, mwalimu mmoja kijana kutoka Kahama, Elikana, alinikanyaga vidole tulipokuwa tunapanda, na hakugeuka. Nilimshika kifundo cha mguu nikamvuta. Aliteleza mpaka chini akichunika tumbo, nami nikapita juu yake. Sijui hasira ile ilitoka wapi. Sikuwa mgonjwa bado. Siwezi kuyasingizia malale. Nilikuwa mama wa makamo niliyegundua kwamba bado nataka kushinda.

Baada ya hapo ardhi ilikuwa imetobolewa na mashimo ya wachimbaji wa zamani, nyasi zimefunika midomo yake. Mguu wangu mmoja ulizama hewani. Nilijitupa nyuma nikaangukia mgongo, nikasikia mawe yakidondoka kwenye shimo kwa muda mrefu kabla ya kutua. Nikainuka nikakimbia.

Mbung'o walikuwa bondeni, kwenye miyombo, baina ya kituo cha nne na cha tano. Wadudu hawa hufuata kitu kinachokwenda, na rangi nyeusi au bluu huwavuta. Mimi nilivaa sketi ya bluu iliyoiva. Waliniuma kupitia nguoni, mapajani, mgongoni. Mmoja alinipata shingoni, chini ya nywele, na ule uchungu ulikuwa kama wa msumari uliotoka motoni. Nilimponda kwa kofi nikaendelea. Wote tulikuwa tunajipiga makofi tukikimbia, mtu angetuona angedhani tumepagawa.

Sikushinda, lakini nyuma yangu walifika vijana wengi, Elikana akiwa miongoni mwao, shati limechanika. Tulipewa pilau. Niliila kwa mikono iliyochubuka huku watu wakiniita bibi wa chuma, na nilirudi nyumbani nimekaa juu ya lori nikiimba.

Siku chache baadaye pale shingoni palivimba. Lilikuwa kama jipu, jekundu na gumu, ila halikutunga usaha. Likanywea lenyewe. Kisha zikaja homa. Nilimeza klorokwini kama kila mtu, zikaondoka, zikarudi. Uso ukavimba asubuhi. Kichwa kikawa kinagonga upande wa nyuma, na nikigusa tu ukingo wa meza, maumivu yanachelewa kidogo halafu yanakuja makali kupita kiasi. Nilifika zahanati nikangoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, nikapewa vidonge vilevile.

Msimu wa pamba ulipofikia mwisho, nilikuwa nalala darasani. Nilikuwa naandika ubaoni, chaki inanidondoka, nashtuka watoto wanacheka. Siku moja mtoto wa darasa la nne alicheka, nikamchapa. Nilimchapa mpaka fimbo ikavunjika, nikaendelea kwa mkono, na sikuacha mpaka mwalimu mkuu aliponikumbatia kwa nyuma akanivuta nje. Nilimpiga na yeye kichwa cha pua.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Usiku sikulala, nilizunguka ua nikiongea. Masanja alinifuata nyuma na kanga ili nisipigwe na baridi. Asubuhi moja aliniomba nikae nile uji, nikamtandika mchi mkononi. Kidole kikavunjika. Alikaa chini, akakitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado namjua yeye ni nani. Nilimjua. Hilo ndilo gumu kulieleza kwa mtu ambaye hajapitia. Nilimjua, na nilitaka kumpiga tena.

Shemeji yangu akashauri twende kwa mfumu, mganga wetu wa kienyeji. Wanaume walinikalia miguu na mikono, nikachanjwa kichwani, nikavutishwa dawa ya unga mpaka nikatapika. Kulwa alikuwa amekuja kutoka Didia kuniuguza, na aliniambia baadaye kwamba wakati ule nilimwita jina la mama yangu nikimwomba asiniache. Mfumu alisema kuna mtu ananiandama. Majirani wakaligeuza neno lile. Wakasema mwalimu haandamwi, anaandama.

Mfikirie mtu wa umri wangu, usiku yuko nje, anaongea peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Huku kwetu hayo yalitosha. Na jirani yetu Nyamizi alikuwa amezika mtoto msimu uleule kwa surua.

Nilikutana na Nyamizi lamboni, mchana kweupe. Nasikia alichota maji kabla yangu, basi. Nilimpiga kwa ndoo ya bati juu ya mkono, mfupa ukasikika ukivunjika. Alipoanguka nilimshika kichwa nikakizamisha. Wanawake watano au sita walihitajika kunitoa juu yake.

Kesho yake mumewe, Lushinge, alipiga mwano, lile yowe la kuitana kwenye hatari, na wanaume wakaitikia kutoka kila upande. Nakumbuka vipandevipande tu. Mengine nimeambiwa. Walijaa uani na marungu na mapanga. Kulwa alikuwa ameruka ua wa nyuma mapema, anakimbilia ghalani. Masanja alisimama mlangoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa, wa pili ameshika komeo la mlango.

"Mke wangu anaumwa," aliwaambia. "Mkitaka kumkata anzeni na mimi. Halafu mmoja wenu amweleze Doto akirudi kutoka vitani."

Baadhi walisita, kwa kuwa nao walikuwa na vijana kulekule. Lushinge hakusita. Panga lake lilikata mwimo wa mlango, likamchana Masanja mkono kuanzia kiwiko. Jiwe likapita juu ya bega lake likanipiga mtulinga. Mimi nilikuwa nyuma ya mume wangu nikipiga kelele, na Kulwa anasema sikuwa nikiomba msaada. Nilikuwa nawaita waingie, nikiwatukana mama zao.

Lori la pamba ndilo lililotuokoa. Dereva alikuwa amepakia mzigo wa mwisho wa msimu, na Kulwa alimwambia kwamba mama yake anauawa. Aliingiza lori uani akipiga honi bila kuachia, akabomoa ua wa minyaa, watu wakatawanyika. Masanja na dereva walinifunga kwa kanga, wakanirusha juu ya magunia kama gunia jingine. Kulwa akapanda, akanilalia kifuani. Mawe yalitufuata mpaka kwenye kona. Njia nzima nilikuwa namng'ata bega, nyuzi za pamba zimejaa mdomoni na damu yake.

Dereva aliuliza twende wapi. Masanja akasema hospitali ya misheni. Hakuwa akifikiria dawa. Alikuwa akifikiria kwamba kule kuna ukuta na geti.

Pale hospitali tulikaa kwenye benchi la barazani pamoja na wagonjwa wengine. Waliponiona nimefungwa, wakasogea wote upande mmoja. Alibaki mwanamke mmoja kijana, Regina, kutoka vijiji vya msituni upande wa Bukombe, naye akisinzia sinzia. Alimenya chungwa, akawa ananitia kinywani kipande kimoja kimoja, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imefungwa. Sikumng'ata. Sijui kwa nini.

Walinichukua damu kidoleni. Kisha wakanikunja kama mtoto tumboni, wakanishika watatu, wakachoma sindano uti wa mgongo kutoa maji. Jioni hiyo Sista Bernadeta, muuguzi mkuu, alikuja kumtafuta mume wangu. Masanja alikuwa ameshonwa mkono, anasubiri kuambiwa kwamba hawapokei vichaa.

"Mama Kulwa harogi na hajarogwa," Sista alimwambia. "Ana malale. Yamefika kichwani."

Masanja alimwomba arudie. Aliporudia, mume wangu alikaa sakafuni akalia mbele za watu.

Hawakutuficha kuhusu dawa. Walisema ndani yake mna sumu, kwamba inaweza kuniponya na inaweza kuniua, na kwamba bila hiyo nitakufa kwa hakika. Walianza na dawa nyingine ya kusafisha damu, kisha ikaja yenyewe, kwenye bomba la kioo. Iliingia mshipani kama pilipili iliyochemshwa. Niliihisi ikipanda mkono, ikavuka kifua, ikanijia kooni, nikakohoa ladha ya chuma. Tone moja likivuja nje ya mshipa, nyama huoza. Kovu nililo nalo mkononi ni la tone kama hilo. Nilichomwa siku tatu mfululizo, kisha nikapumzishwa wiki, kisha tena. Kalenda yangu ikawa hiyo. Sikujua Jumapili wala Jumatatu, nilijua siku za moto na siku za kungojea moto.

Kitanda cha jirani walimlaza Regina. Siku za mapumziko tulisukana nywele. Katika duru ya pili, asubuhi, alianza kutetemeka mkono, halafu mwili mzima ukamrukaruka kitandani mpaka kitanda chenyewe kikasogea kikagonga changu. Walimshika, wakamtia kijiko mdomoni, wakakimbia huku na huku. Alikufa kabla mvua haijaanza siku ile, na ilikuwa mvua ya kwanza ya mwaka. Nilisikia kwa pamoja mvua ikipiga bati na wanawake wakilia.

Sindano yangu ilikuwa inafuata. Nilimpiga mhudumu teke, nikavunja dirisha kwa kiwiko, nikafika mpaka kwenye geti nikiwa na gauni la hospitali tu. Masanja alinikamata kwenye matope. Tulipigana pale, wazee wawili, mimi makusudi nikimkwaruza jeraha lake lililoshonwa, ili aniachie. Hakuniachia. Alinilalia akaniambia sikioni kwamba ananirudisha, na kwamba nikifa ndani nitakufa yeye amenishika, lakini nje hanipeleki. Akanibeba. Alinilalia miguu wakati wanachoma.

Duru ya tatu nami nilipata degedege. Niliuma ulimi nikaukata pembeni, ndiyo maana nasema herufi ya "s" vibaya mpaka leo. Siku mbili sijui zilikwenda wapi. Nilipofumbua macho ngozi ya nyayo ilikuwa inabanduka kama ganda la mhogo uliochemshwa, na kichwa kilikuwa kimya. Ule ugomvi uliokuwa unaunguruma ndani yangu tangu miezi mingi ulikuwa umekwisha. Nilimwomba Kulwa maji, nikasema tafadhali, naye akatoka nje kulia.

Tulirudi kijijini watu wakipalilia mahindi. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, bwana afya akaeleza habari za mbung'o na malale. Wengine waliamini. Lushinge aliondoka kabla mkutano haujaisha. Nilikwenda kwa Nyamizi kumtazama mkono wake, akaniambia kupitia mlango uliofungwa kwamba hana neno, niende. Mkono ule ulikuwa umeunga kombo.

Yeyote anayeuguza malale ajue kwamba kupona kwa mgonjwa si kupona kwa nyumba. Masanja alilala chumba kingine. Kulwa alipokuja na mtoto alikaa naye mgongoni mchana kutwa, hakunipa nimshike, na wote wawili tulijifanya hatuoni. Nikikohoa, mume wangu aliangalia mikono yangu kwanza. Visu, mchi na shoka vilikaa ghalani. Sikumlaumu. Ilipofika mavuno ya viazi, siku moja alikuja akanikabidhi kisu, akamwaga viazi mbele yangu, akakaa akinipa kisogo, akikarabati kiti. Nilimenya vyote, hata vile vya kupanda.

Mara mbili kwa mwaka nilirudi hospitali kuchomwa mgongo wapime yale maji. Masika moja, kiangazi kimoja, tena masika, tena kiangazi. Safari ya mwisho Sista aliniambia maji ni safi na nisirudi tena.

Mwezi uliofuata mbio za ramani zilitangazwa. Niliposema nitakwenda, Masanja alinyanyuka kwenye chakula. Alisema nikienda kule nisimtafute mtu wa kunilalia miguu. Tulinuniana mpaka siku yenyewe, na siku yenyewe nikaenda. Sikuweza kumweleza, na hata sasa naeleza kwa shida. Nilikuwa nimeogopa msitu, kijiji, mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

Nilivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeupe ya Doto, ambaye alikuwa amerudi. Sikukimbia kama zamani. Mguu wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, na kwenye kituo cha pili niligeuza ramani mara nyingi bila kujua kaskazini ni wapi, nikatupa dira chini kwa hasira, nikaenda kuiokota kwa magoti. Bondeni mbung'o walikuwepo. Mmoja alinitua mkononi juu ya shati, na miguu ikagoma. Nilimuua. Nikasimama pale, sijui kwa muda gani, halafu nikaelekea kituo kilichofuata. Nilifika mwisho wa watu wote, wameshaanza kukunja kamba za mstari wa mwisho. Elikana alinitolea sahani ya ubwabwa uliopoa, akawaambia wenzake kwamba huyu mama aliwahi kumvuta mguu majabalini, na kwamba wasikae karibu naye. Wakacheka, nami nikacheka.

Baadaye nilipima damu, ikawa safi. Masanja alianza kunisemesha pole pole.

Mvua zilipoanza mwaka huo, asubuhi moja, Nyamizi alisimama uani kwangu. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ile ya lamboni. Nilimkaribisha, hakukaa. Aliangalia chini akaniuliza kama naweza kumwambia ukweli, ugonjwa wangu ulianzaje.

Nikamuuliza nani anaumwa. Akasema Lushinge. Alikuwa akienda msituni kurina asali. Sasa analala mchana, na jana alimpiga mtoto wao kwa mpini wa jembe bila kosa, na ndugu zake wamekwisha kumtafutia mfumu.

Masanja alikuwa barazani, amesikia. Alilipapasa lile kovu la panga mkononi, kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na baiskeli.

Nilimwambia Nyamizi akamvishe mumewe koti na amfunge mikono kwa kanga, si kamba. Tutaondoka sasa hivi kwenda hospitali ya misheni, mengine nitamweleza njiani.